Koteji Uingereza: Usilipe Salio Kabla Viza Haijatoka

Walikuja kwenye ofisi yetu ya safari hapa Kisumu mzee na mkewe kutoka Ahero. Binti yao ni muuguzi Leeds, Uingereza, amejifungua, na fleti yake ina chumba kimoja tu cha kulala. Wanaotaka kwenda kumwona mjukuu ni watano. Binti mwenyewe ndiye aliyepata wazo: wakodi koteji ya wiki moja mashambani Yorkshire, nyumba ya mawe yenye jiko la kuni na bustani, wote wakae pamoja. Wazo zuri sana. Mama alikuwa tayari ameshika simu. "Tulipe leo?" Tukamwambia, la mama, ngoja kwanza tuhesabu wiki.

Koteji ya namna hii ni nyumba nzima unayokodi na kujipikia. Hakuna mapokezi wala mpishi, na vitanda mnatandika wenyewe. Kwa familia za kwetu hiyo ni heri, maana nyanya atasonga ugali saa anayotaka, na watoto watacheza bila kukemewa na wageni wa chumba cha pili. Lakini anayekodisha huwa na masharti yaliyoandikwa, na sharti linaloumiza wateja wetu kuliko yote ni la tarehe ya salio.

Kwa kawaida unalipa depoziti siku ya kuweka nafasi, kisha salio lote linadaiwa wiki kadhaa kabla ya kuingia, mara nyingi nane hivi. Ukighairi baada ya hapo, unaweza kupoteza kila kitu. Upande wa pili kuna viza ya mgeni. Huwezi kuiomba mapema kuliko miezi 3 kabla ya safari, na majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3 baada ya kutoa alama za vidole Nairobi. Msimu wa watu wengi yanaweza kuchelewa.

Weka hizo mbili pamoja. Tuseme mnasafiri tarehe 6 Agosti na kuingia kwenye nyumba Jumamosi tarehe 8. Ombi la viza linafunguliwa tarehe 6 Mei. Salio la wiki 8 linadaiwa tarehe 13 Juni. Mkitoa alama za vidole wiki ya kwanza, majibu yatakuwa mkononi karibu mwisho wa Mei, na mna wiki mbili za kupumua kabla ya salio. Mkikawia hadi Juni, mtalipa salio gizani. Tuliwahi kumpokea mteja aliyekuja na risiti za malipo yote, viza ikatoka siku nne baada ya wiki yake kupita. Mwenye nyumba alibaki na pesa, na mkataba ulimruhusu. Iliniuma, kwa sababu fedha ile ilikuwa ya mauzo ya ng'ombe wawili. Bima ya safari nayo, nyingi hazilipi ukinyimwa viza, kwa hiyo soma ukurasa huo kabla ya kuitegemea.

Fomu ya viza itawauliza mtakaa wapi. Haidai muwe mmeshalipia mahali hapo. Ndiyo maana sisi hutafuta kwanza nyumba zinazokubali ughairi bure hadi tarehe fulani, hata kama bei iko juu kidogo.

Jambo la pili ni hesabu ya watu. Huku kwetu mgeni hahesabiwi, anaongezewa sahani. Kule tangazo likisema nyumba ni ya watu 6, hao 6 ndio wa kulala, na idadi hiyo imefungwa na bima ya mwenye nyumba na usalama wa moto. Kichanga anayelala kwenye kitanda chake mara nyingine hahesabiwi, lakini uliza kwa maandishi. Binamu wa Birmingham wanaopanga kuja mchana kula na kuondoka jioni, nao watajwe mapema. Tumeona familia ikiombwa kuwatoa watu usiku, na hiyo ni aibu ambayo mzee hastahili kuipata mbele ya wakwe.

Chakula sasa. Mursik (maziwa yaliyogandishwa) na aliya (nyama iliyokaushwa) ziacheni nyumbani, kwa sababu nyama na maziwa kutoka Kenya haviruhusiwi kuingizwa Uingereza. Unga nunueni kwenye maduka ya Waafrika Leeds kabla ya kuelekea mashambani, kijijini hamtaupata. Koteji nyingi huanza Ijumaa au Jumamosi, unaingia kuanzia saa kumi jioni na siku ya kutoka unaondoka saa nne asubuhi. Mkifika Jumamosi usiku mikono mitupu, kumbukeni kwamba Jumapili maduka makubwa ya England yanaruhusiwa kisheria kufunguliwa kwa muda wa saa 6 tu, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Ulizeni pia aina ya jiko: la induksheni, yaani la umeme linalopasha sufuria kwa sumaku, halishiki sufuria ya alumini, na mama asiye na sufuria ya kusongea ugali hana raha. Mwiko bebeni wenu.

Mengine ni mepesi. Soketi zao ni za pini tatu kama zetu, chaja zitaingia bila adapta. Wanaendesha kushoto, na leseni ya Kenya inatumika kule hadi miezi 12, ingawa kampuni za kukodisha magari zina masharti yao. Chapisheni maelekezo ya njia kwenye karatasi, kwa maana msimbo mmoja wa posta mashambani hujumuisha nyumba kadhaa zilizotawanyika na mtandao wa simu hukatika bondeni.

Mkija ofisini njooni na pasipoti zote, idadi kamili ya watakaolala, na tarehe mbili mnazoweza kusafiri. Kwa Agosti tunaanza kutafuta Januari, kwa sababu shule za kule nazo zimefungwa, bei ziko juu, na nyumba za watu 8 na zaidi ndizo huisha kwanza.