Wanajeshi wetu nje ya nchi: Bunge liambiwe wangapi, wapi na hadi lini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo huku Ngara watu huliongea kwa kunong'ona, kama vile haliwahusu. Jeshi letu, JWTZ, limekuwa likipeleka vijana nje ya mipaka miaka nenda miaka rudi, na sisi wananchi hupata habari zao kwa njia mbili tu: tangazo la msiba, au msafara wa kurudi nyumbani. Katikati ya hayo mawili ni kimya. Nasema kimya hicho sasa kivunjwe, na pa kukivunjia ni bungeni Dodoma.

Niondoe shaka mapema, maana siku hizi ukiuliza habari za jeshi unaonekana una lako jambo. Simo katika kundi la wanaosema vita vya Kongo tuwaachie Wakongo. Kati yetu na wao ni Ziwa Tanganyika tu. Kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kikongo, na wajukuu wa waliofika mwaka ule wanazaliwa humo humo. Shehena ya Kongo ni sehemu kubwa ya mzigo wa nchi jirani unaopita bandari ya Dar es Salaam. Ulizeni madereva wa malori mtaelezwa. Na kusini, Oktoba 2020, wapiganaji kutoka Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, walivuka Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara, kwa hiyo askari wetu walipoingia Msumbiji mwaka uliofuata na kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, hakuna aliyehitaji kuchorewa ramani. Tena tumesaini wenyewe. Mkataba wa Ulinzi wa Pamoja wa SADC ulitiwa saini hapa hapa Dar es Salaam, Agosti 2003, nao unasema shambulio la silaha kwa mwanachama mmoja ni tishio kwa amani ya kanda nzima na litajibiwa kwa pamoja. Ahadi ni deni.

Lakini mwenye kulipa deni si serikali peke yake.

Mwisho wa Aprili 2025 SADC ilianza kuviondoa vikosi vyake Goma, mashariki mwa Kongo, baada ya wakuu wa nchi kuamua tarehe 13 Machi kwamba operesheni yake huko, SAMIDRC, ifungwe. Njia iliyopatikana ilikuwa kupita Rwanda, kuvuka Rusumo, kisha kuelekea Chato, ambako ndiko walikokusanywa kabla ya kila kikosi kwenda kwao. Nilikuwa Benaco siku mojawapo malori yalipopita. Yalikuwa marefu, ya kubebea mitambo, magari ya deraya yamefungwa minyororo juu yake, maturubai yamevutwa hadi chini. Mama lishe waliacha masufuria wakatoka barabarani. Kijana mmoja wa bodaboda, niliyemfundisha somo la uraia zamani, akanisogelea. "Shikamoo mwalimu. Hawa ni wetu au Wasauzi?" Nikamjibu kwamba sijui. Akauliza tena: "Wetu walikwenda wangapi?" Hilo nalo sikuwa na jibu lake, na mimi ndiye niliyemfundisha kwamba Bunge ndicho chombo cha kuisimamia serikali kwa niaba ya wananchi.

Nilirudi nyumbani nikafungua Katiba. Ibara ya 44 inampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya vita kati yetu na nchi nyingine, na Spika anatakiwa aitishe Bunge ndani ya siku 14 ili wabunge waunge mkono au wakatae. Vizuri kabisa. Ila kulinda amani si kutangaza vita, kwa hiyo ibara hiyo hailali wala haiamki askari wanapopelekwa Kongo, Msumbiji au Afrika ya Kati. Kinachotumika ni ibara ya 148, inayosema Amiri Jeshi Mkuu anaweza kuyaamuru majeshi yafanye shughuli zake ndani au nje ya Jamhuri ya Muungano. Habari za kuliarifu Bunge idadi, muda au sababu hazimo.

Mtu atasema hilo halijawahi kutuletea shida. Twende taratibu.

Mwaka 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2098, liliunda brigedi maalumu ya kupambana na waasi mashariki mwa Kongo: askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kamanda wake wa kwanza akiwa Mtanzania, James Mwakibolwa. Ile kazi ilifanyika. Kufikia Novemba mwaka ule waasi wa M23 walikuwa wameshindwa, na sisi tulitembea kifua mbele. Miaka minne baadaye, usiku wa tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya askari wetu huko Semuliki, Kivu Kaskazini, ikavamiwa. Waliuawa wasiopungua 14, na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alisema hayakuwahi kutokea mashambulizi mabaya kama hayo dhidi ya walinda amani wa umoja huo katika miaka ya karibuni. Umoja wa Mataifa ukaunda timu ya uchunguzi, na Machi 2018 ukaeleza hadharani kilichoonekana: haukuwepo mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu askari wale wala wa kuwaokoa, kulikuwa na matatizo ya uongozi na kamandi, na ndege, wahandisi na taarifa za kiintelijensia vilipungua.

Someni tena sentensi hiyo ya mwisho, kisha mjiulize imetoka wapi. Imetoka New York. Habari za namna watoto wa Tanzania walivyoachwa bila msaada porini tuliletewa na wageni, na kwa hilo tuwashukuru.

Sasa SAMIDRC. Hii haikuwa ya Umoja wa Mataifa bali ya SADC, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Askari akiwa chini ya bendera ya buluu, Umoja wa Mataifa huirudishia nchi yake fedha kwa kila kichwa kwa kila mwezi. Kiwango kilichopitishwa mwaka 2018 kilikuwa dola 1,428. Akifa au akipata ulemavu kuna utaratibu wa fidia unaojulikana. Chini ya SADC gharama inabebwa na nchi wanachama wenyewe, yaani na mlipakodi, yaani na yule mama lishe wa Benaco kila anaponunua vocha. Kwa hiyo operesheni ya namna hiyo ndiyo iliyostahili kuelezwa zaidi bungeni. Vikosi vilianza kuingia Desemba 2023. Aprili 2024 SADC ikatangaza kwamba kombora la mota limeangukia karibu na kambi, askari wetu watatu wamekufa na watatu wamejeruhiwa. Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa M23, na mwanzoni mwa Februari JWTZ ikatoa taarifa ya vifo vya askari wetu wawili. Aya chache, pole kwa familia, basi.

Linganisheni na wenzetu tuliokuwa nao kwenye mahandaki yale yale. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 201, inamlazimu Rais alieleze Bunge upesi na kwa kina: sababu za kulitumia jeshi, mahali lilipo, idadi ya watu na muda unaotarajiwa. Ndiyo maana Februari 2024 nchi nzima ilijua kwamba Rais Ramaphosa ameidhinisha askari 2,900 na zaidi kidogo ya randi bilioni 2. Walipouawa askari wao 14 mwaka uliofuata, wabunge walikuwa na pa kushika. Walimuuliza waziri wa ulinzi kwa nini vijana walikwenda bila msaada wa kutosha wa anga, na fedha zilikwenda wapi. Sitadanganya kwamba kifungu hicho kiliwakinga na risasi. Hakikuwakinga. Kiliwapa wafiwa mtu wa kumuuliza.

Wakenya nao wameweka kwenye ibara ya 240 ya Katiba yao kwamba majeshi yakitakiwa kwenda nje kulinda amani, Baraza la Usalama wa Taifa lipate kwanza idhini ya Bunge. Tuliona ibara hiyo ikifanya kazi katika sakata la serikali yao kutaka kupeleka polisi Haiti: Januari 2024 Mahakama Kuu ya Nairobi ilisema uwezo wa Baraza hilo unahusu wanajeshi na si polisi, serikali ikalazimika kutafuta makubaliano na Haiti, na mwezi Juni polisi wakapaa. Yaani hata safari haikuvunjika. Walichelewa miezi michache na wakajieleza.

Najua hoja itakayoletwa: siri za jeshi. Ni hoja ya kweli na siidharau. Hakuna anayetaka kuambiwa kikosi kitavuka mto gani saa ngapi, wala bunduki za aina gani zimepelekwa. Lakini jumla ya askari, nchi waliyopo, muda wao na anayelipa si siri ya kivita. Umoja wa Mataifa huchapisha kila wakati idadi ya askari ambao kila nchi imechangia katika operesheni zake, Tanzania ikiwemo, na adui hajawahi kushinda kwa kusoma jedwali lile. Panapohitajika faragha, Bunge lina Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, inayoweza kukaa milango ikiwa imefungwa. Wazee wenzangu watakumbuka Novemba 1978. Adui alikuwa ameshaingia Kagera, na bado Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya wazee wa Dar es Salaam akasema sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Hakutoa siri hata moja ya jeshi, na kila mtu aliondoka anajua kwa nini vita vinapiganwa.

Kwa sisi wa mpakani kuna jambo jingine linalofanya kimya hiki kiwe kizito. Rusumo tunafanya biashara na Wanyarwanda kutwa kucha. Umeme wa maporomoko yale, megawati 80, tunagawana sisi, wao na Burundi. Sote tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wakati huo huo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti Julai 2024 kwamba askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 wako Kongo pamoja na M23, jambo ambalo Kigali inalikanusha, na M23 ndio waliokuwa wakipigana na vikosi walimokuwamo vijana wetu. Kwa hiyo tulikuwa ndugu mpakani na mahasimu Goma. Inawezekana serikali ilikuwa na jibu zuri kuhusu namna ya kuyaendesha mambo hayo mawili kwa pamoja. Mkutano wa pamoja wa EAC na SADC uliofanyika Dar es Salaam Februari 2025 unaonyesha kwamba lilikuwa likitafutwa. Basi lisemwe bungeni, wabunge walipime, na sisi wenye maduka Benaco tujue tunaishi katika siasa gani.

Ninachokiomba hakihitaji kusubiri Katiba mpya, maana hiyo tukiisubiri tutazeeka mara ya pili. Sheria ya Ulinzi wa Taifa inaweza kuongezwa kifungu kimoja: ndani ya siku 14, muda ule ule wa ibara ya 44, waziri awasilishe bungeni taarifa ya kikosi chochote kilichopelekwa nje, ikieleza sababu, nchi, idadi, muda na mlipaji, na kila muda ukiongezwa taarifa irudi upya. Pia operesheni ikifungwa, yaelezwe matokeo yake, pamoja na waliokufa, waliojeruhiwa na familia zao zimelipwa nini. SAMIDRC imeshafungwa. Bajeti ya Wizara ya Ulinzi na JKT husomwa kila mwaka, na hapo ndipo mahali pa kuanzia.

Nimeyaandika maswali haya kwa mbunge wetu pia, ili asije akasema hakuulizwa. Akinijibu nitakuletea jibu lake, Ndugu Mhariri, na naomba ulichapishe lote hata kama litakuwa refu.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Ngara, Kagera