Asante baba wa duka la vifaa, popote ulipo

Aisee jamani naomba nimshukuru yule baba tuliyekutana naye kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Columbus, Ohio, jina sikumuuliza. Nilikuwa natafuta mabomba ya PVC ya nusu inchi nitengeneze sanamu za mifupa ya watu uwanjani kwetu kwa ajili ya Halloween, ile sikukuu ya mapambo ya kutisha, tarehe 31 Oktoba watoto wa mtaa wakija kuomba pipi wakute kitu cha maana, akaniuliza unajenga nini, nikamwambia, basi akasimama pale akanielekeza kila kitu, yaani funika mifupa na nailoni nyembamba halafu ipulize na hewa ya moto mpaka ijikunje ishike kama ngozi iliyokauka, ila ufanyie nje na uvae maski maana ule moshi ni mbaya, kisha pakaa vanishi ya kahawia ufute juu juu ibaki kwenye mikunjo tu. Na kusimamisha, pigilia nondo ardhini uvishe bomba la mguu juu yake, upepo hauangushi.

Wanangu wamefurahi mno, majirani wanapiga picha. Mungu akubariki sana baba, kazi yako ile.