Maneno ya Misa yasimezwe na spika

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalonigusa kama mwimbaji wa sauti ya nne katika parokia moja ya hapa Moshi. Kwaya zetu zimejaliwa waimbaji hodari, lakini kila Jumapili kazi yao humezwa na kinanda cha umeme na spika, kiasi kwamba muumini aliyeketi benchi la nyuma hawezi kusema ni maneno gani yameimbwa.

Malalamiko haya ni ya kale. Wakati wa Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki ulioanza 1545 na kufungwa 1563, uimbaji wa sauti nyingi ulikosolewa kwa kuwa sauti zilipishana mno hata maneno ya sala yakapotea. Ipo hadithi kwamba Giovanni Pierluigi da Palestrina, mtunzi Mwitalia wa karne ya 16, aliuokoa muziki huo usipigwe marufuku kwa Misa yake ya Papa Marcellus, yaani muziki alioutungia maneno ya Misa. Hadithi hiyo haina uthibitisho, ila misa yenyewe, iliyochapwa 1567, inatufundisha mengi. Ni ya sauti sita. Katika Utukufu na Nasadiki, ambako maneno ni mengi, sauti hutamka silabi kwa pamoja karibu wakati wote, huku baadhi zikinyamaza na kurudi ili kila sentensi ipate uzito wake; katika Bwana Utuhurumie, ambako maneno ni machache na yanajulikana na wote, mtunzi ameziacha zifuatane, moja ikiudaka wimbo kutoka kwa nyingine.

Walimu wa kwaya wanaweza kuanza na kazi ndogo zaidi, moteti yake (wimbo mfupi wa kanisani wa Kilatini) ya sauti nne iitwayo Sicut cervus, yenye maneno ya Zaburi ya 42 kuhusu ayala mwenye kiu. Sauti ya tatu huanza peke yake, ya pili huupokea wimbo, kisha ya kwanza, na sisi wa besi huingia mwisho tukiwa na wimbo ule ule waliopewa wenzetu, jambo ambalo nyimbo zetu nyingi hazitupi. Anayepaza sauti kupita kiasi humfunika mwenzake papo hapo, hivyo kila mmoja hulazimika kusikiliza anapoimba. Kilatini nacho kisimtishe mtu, kwa maana irabu zake tano hutamkwa kama zetu.

Sisemi ngoma na kayamba ziondolewe. Kwenye maandamano ya vipaji zina mahali pake. Hati ya liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ya 1963, iliutaja uimbaji wa sauti nyingi kwa jina ilipozungumzia muziki unaokubalika katika ibada, na sioni sababu ya sisi kuunyima nafasi.

Maneno ya zaburi hiyo yana nafasi yake ya kale katika Kesha la Pasaka. Nawaomba maparoko waruhusu usiku huo, walau kwa wimbo huo mmoja, kinanda kinyamaze na spika zizimwe.

Mwanakwaya,
Moshi