Salamu za Krismasi: Usiku Mmoja wa Yusufu

Bwana Yesu asifiwe, wanangu, wakwe zangu na ndugu wote wa ukoo.

Mishumaa mitatu ya Majilio, zile Jumapili nne za kuingojea Krismasi, imeshawaka, umebaki mmoja. Watu wa Dar wameanza kupanda mlimani. Jana nimeona magari mawili yenye vumbi yakikata kona kuelekea kwa jirani, na yule mbuzi wa ndafu ameanza kutazamwa kwa jicho la kumpima. Mkishafika, mazungumzo yatakuwa nauli na bei ya mchele, sitapata nafasi. Kwa hiyo natuma salamu mapema, tena ndefu. Mtanivumilia.

Mwaka huu nimekwama kwa Yusufu. Kwenye igizo la Shule ya Jumapili nafasi yake hupewa mtoto asiyeweza kukariri, maana hana la kusema. Anavalishwa kanzu ya baba yake, anashika fimbo, anasimama nyuma ya Maria mpaka wimbo uishe. Na kweli, Injili hazikuandika hata neno moja lililotoka kinywani mwake. Lakini someni tena Mathayo 1:19, taratibu.

Uchumba wa Wayahudi wakati ule haukuwa kama wetu wa barua ya posa. Ulifunga kama ndoa, na kuuvunja ilikuwa kwa talaka. Kwa binti aliyeposwa kisha akapatikana na mwanamume mwingine, Kumbukumbu la Torati sura ya 22 inataja kupigwa mawe. Kwa hiyo siku Yusufu alipojua kwamba Maria ni mjamzito, na mimba si yake, andiko alikuwa nalo. Angesimama mbele ya wazee akalitaja, nani angemwambia amekosea?

Mathayo anasema: "kwa vile alivyokuwa mtu wa haki, asitake kumwaibisha, aliazimu kumwacha kwa siri." Miaka yote nilikuwa nikiupachika mstari huu neno "lakini": alikuwa mtu wa haki, lakini hakutaka kumwaibisha, kana kwamba haki ilimvuta huku na huruma ikamvuta kule. Nimetafuta hilo "lakini" kwenye Biblia yangu, halipo. Kwa Mathayo, kutotaka kumwaibisha binti wa watu kumo ndani ya haki yenyewe.

Kisha mstari wa 20: "Basi alipokuwa akifikiri hayo." Malaika alimkuta akifikiri. Hakumkuta njiani akienda kwa wazee, wala akiwa ameshawasimulia majirani. Na angalieni, hata ule uamuzi wake mzuri ulikuwa na kasoro, maana Mungu hakutaka amwache Maria kabisa, kwa siri wala kwa wazi. Ila kwa kuwa alilala nao kwanza, ulikuwa bado unarekebishika. Akaamka, akamchukua mkewe.

Nimekuwa nikijiuliza tunapambanuaje jema na baya, sisi tunaosali kila Jumapili. Jibu la haraka ni kwamba Biblia inasema. Sawa, inasema. Ila makuhani wakuu na waandishi wa Yerusalemu nao walipoulizwa na mfalme Herode Kristo azaliwa wapi, walijibu bila kubabaika, wakamnukuu nabii. Bethlehemu haifiki kilomita 10 kutoka pale. Unatoka asubuhi, jioni umerudi. Hatuambiwi kwamba alikwenda hata mmoja. Waliokwenda ni mamajusi, wageni, ambao andiko lenyewe waliambiwa huko huko mjini.

Jibu lingine ni kufuata moyo. Hapo sasa mama yenu ameniruhusu nisimulie ya kwake. Wiki mbili zilizopita uliingia ujumbe wa muamala kwenye simu yake, shilingi 180,000. Dakika haijapita, akapigiwa: "Mama, nimekosea namba, hiyo ni hela ya matibabu ya mtoto, yupo hospitali, nirudishie kwa namba hii nyingine." Sauti inatetemeka. Mama yenu mnamjua. Machozi yalishafika, na kidole kilishafika kwenye namba ya siri. Nikamwambia angalia salio kwanza. Salio lilikuwa lilelile la asubuhi. Hakuna kilichoingia isipokuwa maneno. Moyo wake haukuwa na kosa lolote, na kwa moyo huohuo safi tungekuwa tumelala bila hela ya sikukuu. Ndiyo maana Paulo hakuwaombea Wafilipi upendo mtupu. Aliomba pendo lao lizidi "katika hekima na ufahamu wote", wapate kuyakubali yaliyo mema. Herode naye hakuwaambia mamajusi kwamba anataka kuua. Aliwaambia, nileteeni habari, "ili mimi nami niende nimsujudie." Maneno ya ibada kabisa. Mtu akikutakia mambo ya Mungu huku anakuharakisha, angalia salio.

Waebrania 5:14 inawataja watu wazima ambao akili zao "zimezoezwa kupambanua mema na mabaya." Zimezoezwa, kama mguu wa mchezaji. Mazoezi yenyewe mnayajua: chenji iliyozidi dukani, habari ya aibu ya mtu iliyofika kwenye simu yako na kidole kinawasha kuisambaza, mkopo wa kausha damu ili tu wageni wasione Krismasi yako imepoa. Hayo sitayarefusha.

Ninalotaka kuwaambia hasa linanihusu mimi.

Miaka saba iliyopita, nikiwa mzee wa kanisa, binti mmoja wa kwaya alipata ujauzito. Simtaji, na usharika siutaji. Habari ilitufikia Alhamisi. Jumapili ikasomwa mbele ya washarika wote kwamba ametengwa. Siku tatu. Rangi ya mabati ya kanisa tuliijadili miezi miwili. Mimi ndiye niliyenyosha mkono wa kwanza, na andiko nilikuwa nalo, 1 Wakorintho 5, nimeliwekea na karatasi ili nisipoteze ukurasa. Binti hatukumwita, hatukumwuliza lolote. Kijana, ambaye kila mtu alimjua, alipiga kinanda Jumapili ileile.

Utaratibu ulifuatwa. Mpaka leo ukinibana nitakuonyesha kifungu kwa kifungu. Ila kila Majilio nikifika Mathayo 1:19 nilikuwa naupita haraka, sikujua kwa nini. Mwaka huu nimejua. Yusufu alikuwa na mstari wake na mimi nilikuwa na wangu. Yeye alilala, mimi nikanyosha mkono.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa yule binti. Nilimkuta anamenya ndizi za mtori, akanisogezea kigoda. Nikamwambia niliyokwenda kumwambia, bila kuyapamba, na bila kusema "tulikosea", maana "tu" ile ni mahali pa kujificha. Akaendelea kumenya. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Nimekusikia, mzee," halafu akamwita mwanawe aje anisalimie. Yupo darasa la kwanza. Alinipa shikamoo kwa mikono miwili, akakimbilia mpira wake.

Haya, njooni salama. Mwenye gari asikimbizane na mabasi, na anayekuja kwa basi akate tiketi ofisini, si kwa mtu aliyesimama nje. Wenye zamu za kazi na wale wa nje ya nchi, tutawaombea kwa majina, na ndafu tutawapigia picha. Nawatakia nyote Krismasi njema, na mwaka mpya uwakute mkiwa na afya.

Mkesha tutakaa benchi letu lilelile la kulia, karibu na dirisha. Watoto mkiwaleta waambieni wabanane kidogo. Nimeomba nafasi mbili ziachwe mwishoni, huenda tukawa na wageni.