Wazazi wa la saba tupunguze presha

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wazazi wenzangu wa hapa Dodoma wenye watoto darasa la saba. Mtihani wa taifa ni Septemba na kila mtu anataka binti yake aende Msalato, wa kiume apate Ilboru au Mzumbe, sawa, lakini shule za vipaji maalumu ni chache jamani, na mtoto anayetoka tuisheni usiku anasinzia tu kwenye daftari. Halafu kuna intavyuu za shule binafsi na seminari, hapo ndo kuna kazi, maana mtoto wa shule ya serikali hesabu anazijua vizuri kabisa ila kazisoma kwa Kiswahili, karatasi inakuja kwa Kiingereza anakwama kwenye kuelewa swali sio kwenye kukokotoa. Badala ya kununua mapepa kila wiki (bei zake mnazijua) kaa naye jioni mfanye maswali machache ya hesabu kwa Kiingereza, hata kama na wewe unababaisha, mtacheka na atashika. Na akikosa Msalato msimwambie kafeli, shule ya kata nayo mtihani wa kidato cha nne ni uleule.

Mzazi, Kisasa, Dodoma