Mwenye Furaha Ndiye Alishaye

Mombasa

Sahibu yangu,

Baada ya salamu nyingi, barua yako nimeipata, na nilicheka peke yangu barazani niliposoma swali lako: vipi mtu autie mpira wa gofu shimoni kwa pigo moja, jambo ambalo wengine hulitamani umri wao wote, kisha yeye ndiye alipie vinywaji vya watu?

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja ule wa mashimo tisa ulio kando ya Barabara ya Mama Ngina, na shimo lenyewe lilikuwa fupi, la mapigo matatu. Nilikuwa nimeshaishika fimbo namba saba, lakini kedi wangu, mbeba fimbo, mzee anayeujua upepo wa pale kuliko anavyoijua njia ya kwake, akanipa namba sita, ipelekayo mpira mbali zaidi, bila ya kuniuliza. Mpira ukapaa, ukadunda mara mbili, ukabiringika kuelekea benderani, ukatoweka. Sote wanne tulidhani umepitiliza. Yule mzee ndiye aliyeinama shimoni, akautoa kwa vidole viwili na kuuinua juu.

Hesabu itajwayo sana ni kwamba mchezaji wa kawaida ana bahati 1 katika 12,500 kwa kila shimo fupi alipigalo, kwa hiyo habari ilifika klabuni kabla yangu. Nilipoingia, watu ambao sijapata kuamkiana nao walikuwa wameshaagiza, huyu bia, yule soda ya tangawizi, na bili ikafika shilingi 18,400. Japani, ambako mwenye bahati hiyo hutarajiwa kufanya karamu na kugawa zawadi, wachezaji wengi hukata bima kabisa ili bahati isiwafilisi. Uingereza nako zipo bima za gofu zinazolipia vinywaji vya siku hiyo. Mimi bima yangu ni ya gari tu.

Hata hivyo, sioni ajabu unayoiona wewe. Kwetu bwana arusi ndiye mwenye furaha, na walima ni juu yake. Aliyejaaliwa mtoto ndiye achinjaye akika. Isitoshe, pigo kama lile bila ya mashahidi ni hadithi tu, kwa kuwa hakuna atakayeliamini, na waliokuwa nami ndio watakaonisemea. Hao ningewanywesha hata mara mbili. Kinachoniuma ni wale wa kaunta, kwani hata walima una walioalikwa, na aliyekuwa akisoma gazeti wakati mpira unaingia hakushuhudia chochote. Kama ni mimi nitungaye desturi, deni lingeishia kwa wenzako wa mchezo na kedi.

Tena kedi awe wa kwanza, maana lau ningeishikilia namba saba, mpira ungeangukia mchangani. Nilipotoka nje kumuuliza atakunywa nini, alikuwa ameketi chini ya mbuyu akipangusa fimbo zangu kwa kitambaa, akaniambia kwamba amefunga sita za Shawali. Basi jioni nikampelekea tende, mahamri na mbaazi za nazi nyumbani kwake, tukafuturu pamoja, na mpira ule nikamwachia mjukuu wake aliyekuwa akiuviringisha mkekani.

Wasalimie wote hapo Unguja.

Ni mimi sahibu yako.