Barua ya malalamiko: mota ya njia tatu, kichwa cha vitambaa vyepesi na mguu wa chuma uliopasuka

Kikundi cha Mafundi Cherehani,
Iwawa, Makete,
Mkoa wa Njombe.
12 Agosti

Meneja Mauzo,
Kampuni ya Kuuza Vyerehani,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU VYEREHANI VINNE MLIVYOTUTUMIA MAKETE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tuliagiza kwenu vyerehani vinne: kimoja cha viwandani cha mshono mnyoofu kwa vitambaa vizito, ovaloki moja ya nyuzi nne (ya kuziba kingo za kitambaa), na viwili vyeusi vya kukanyaga kwa miguu. Fedha zote tuliweka benki kabla mzigo haujaondoka, kama mlivyotaka, na risiti ya mashine ya kodi (EFD) tunayo. Mzigo ulitufikia siku ya sita. Vinavyoshona leo ni viwili tu: ovaloki, na cheusi kimoja baada ya sisi wenyewe kukinunulia bobini, vile vigurudumu vya uzi wa chini. Kasoro za vingine tunazieleza kwa kirefu ili fundi wenu azielewe bila kulazimika kusafiri kuja kuziona.

Tuanze na mota ya cherehani cha viwandani. Proforma yenu, yaani hati ya bei na maelezo mliyotupa kabla ya kulipa, inasema mota ya umeme wa njia moja, volti 220. Kibao cha mota iliyokuja kinasomeka volti 380, hezi 50, wati 400, mizunguko 2,850 kwa dakika, na waya wake una nyaya tatu za moto pamoja na wa ardhi. Hiyo ni mota ya njia tatu. Chumba tunachofanyia kazi, kama nyumba nyingi za huku zilizounganishwa na TANESCO, kina umeme wa njia moja: waya mmoja wa moto, mmoja wa nyutro, volti 230. Mota hiyo haina pa kuchomekwa hapa. Kuvuta njia tatu ni maombi mapya, mita nyingine na gharama nyingine, kwa ajili ya mota ya wati 400 ambayo mngeweza kuisoma kibao chake kwa nusu dakika kabla ya kufunga boksi.

Mtu wenu wa mauzo alitushauri kwa simu tutafute fundi umeme atufungie kapasita. Hatutafanya hivyo, na tunaomba ushauri huo asipewe mteja mwingine. Mota iliyounganishwa ndani kwa mtindo wa nyota kwa volti 380, ukiipa 230 kupitia kapasita, ama inanguruma bila kuanza, ama inaanza bila nguvu. Ili izunguke vizuri kidogo ni lazima ifunguliwe na miisho ya koili iunganishwe upya kwa mtindo wa delta, na hata hapo nguvu yake inapungua na joto linazidi. Fundi akishona lupu za mkanda wa suruali, mahali penye mikunjo mingi, mota inakwama, koili zinaungua. Na mota ikishafunguliwa na fundi wa nje, ninyi wenyewe mtasema dhamana imekufa.

Badala yake tunaomba mota ya sevo, wati 550, njia moja. Hatuombi upendeleo, kwa kuwa kwenye orodha yenu ipo, na kwa mteja wa mbali ndiyo inayofaa. Mota ya klachi, kama mliyotutumia, inazunguka muda wote swichi ikiwa imewashwa, hata wakati fundi anapanga marinda ya sketi au anatoa pini, na yuniti za umeme wa LUKU zinakwenda. Sevo inazunguka pale tu mguu unapokanyaga, na kasi yake inapunguzwa kwenye kisanduku chake, jambo linalomsaidia anayejifunza. Mkituma, tumeni na mkanda wake, kwa kuwa puli ya sevo mara nyingi hailingani na ya klachi na mkanda wa zamani unaweza kuwa mrefu au mfupi. Hakikisheni pia upande wa mzunguko: gurudumu la cherehani linapaswa kuzunguka kumwelekea mshonaji. Likizunguka kinyume, mshono haushiki na uzi unasokotana kwenye ndoano ya chini, ile inayonasa uzi wa sindano.

La pili ni kichwa chenyewe, yaani mwili wa juu unaoshona, na hili linatuumiza zaidi, kwa sababu mota inabadilishwa kwa boliti tatu lakini kichwa ndicho cherehani. Tuliagiza cha vitambaa vizito. Makete ni baridi, watu wanashonesha makoti, na sare nyingi za shule tunazoshona ni za kaki na teteroni nzito. Mlichotuma ni cha vitambaa vyepesi. Tulikijua kwa kukitazama tu. Meno ya kusukuma kitambaa ni madogo na yamebanana. Ya kitambaa kizito huwa makubwa na yenye nafasi. Tundu la bati la sindano ni jembamba. Tulikizungusha kwa mkono, gurudumu polepole, tukiwa na sindano namba 18 na kaki yenye mikunjo sita kama inavyokuwa kwenye lupu. Meno yaliteleza chini ya kitambaa bila kukisogeza, sindano ikavutwa kwa nyuma, ikagusa ukingo wa tundu na kukatika. Sasa ukipitisha ukucha kuzunguka tundu hilo, upande wa nyuma unakwaruza. Kijinundu hicho kidogo ndicho kitakachokata uzi hata tukishona kitambaa chepesi, mpaka kisuguliwe kwa msasa laini.

Tunajua mtasema tubadilishe bati, meno na mguu wa kukandamiza. Hivyo vitatu vinabadilika, ni skrubu chache. Lakini kichwa cha vitambaa vizito kina ndoano yake ya chini, iliyopangwa kwa sindano nene. Sindano ikinenepa, nafasi kati yake na ncha ya ndoano inabadilika: ikibana, ndoano inakwaruzwa, ikiachia, mishono inarukwa. Ndoano hiyo inapangwa na fundi mwenye uzoefu na cherehani hicho, akiwa amekiinamia. Haipangwi kwa simu. Kwa hiyo tunataka kichwa kingine kamili, kile kilichoandikwa kwenye proforma.

Wakati wa kukituma, tunaomba mmwage mafuta kwanza. Kichwa hiki kilisafirishwa na mafuta ndani ya sinia lake, basi likapanda Kitonga na kushuka mabonde yote hadi Njombe, mafuta yakamwagika kwenye boksi, yakalowesha mkanda na kipande cha meza. Mkanda ulioloa mafuta unateleza, na kuufuta hakuurudishi kuwa mpya.

Kuhusu chupa ya mafuta mliyoiweka kwenye boksi: haina lebo, ndani mna mafuta ya njano, mazito, yanayonata kidoleni kama ya injini ya pikipiki. Cherehani cha viwandani kinajipaka mafuta chenyewe kwa pampu ndogo inayoyanyonya kutoka kwenye sinia, na kinahitaji mafuta meupe, mepesi kama maji. Mazito hayapandi vizuri, hasa kwa asubuhi za huku Juni hadi Agosti, ambapo baridi inayazidisha uzito. Kwenye kioo kidogo cha juu hutayaona yakiruka, na fundi asiyejua atashona hivyohivyo mpaka shafti inashika moto na kukwama. Tumeiweka pembeni hiyo chupa. Tunaomba lita moja ya mafuta sahihi, yenye lebo.

Sasa cheusi cha miguu. Kimoja kimefika mguu wa kushoto wa stendi yake umepasuka, kwenye sikio linaloshika boliti ya chuma cha msalaba cha nyuma. Ufa umezunguka tundu lote la boliti. Sehemu iliyovunjika ndani ni ya kijivu inayong'aa, haina kutu wala rangi iliyopenya, kwa hiyo haikuvunjika kiwandani bali njiani, na sababu tuliiona tulipofungua: miguu miwili ililazwa kwenye boksi la karatasi, chuma juu ya chuma, pedali katikati, bila hata gunia la kutenganisha. Stakabadhi ya basi mliyoijaza ninyi inasema “vyuma”. Mpakiaji akisoma “vyuma” anaweka juu yake magunia ya mchele, na huwezi kumlaumu.

Chuma cha kumimina hakipindi, kinapasuka. Kukichomelea kwa rodi za kawaida si dawa: kinashika kwa nje, kinapopoa pembeni ya weldi panakuwa pagumu kama kioo, na panapasuka tena. Kinataka rodi za nikeli na kupashwa moto kwanza, polepole. Nacho si mguu wa urembo. Pedali imeshikiliwa kati ya miguu hiyo miwili, na miguu ikiachana kidogo tu pedali inacheza, kisha inagonga, kisha inachomoka. Tutumieni mguu mwingine wa kushoto, lakini kabla ya kuutuma mpime umbali kati ya matundu ya boliti ulingane na picha tuliyoambatanisha, yenye rula juu yake, kwa sababu miguu ya vyerehani vyeusi inafanana kwa macho na matundu yake hayalingani.

Mpangilio wa sindano na bobini ulibadilishana. Boksi la cheusi lilikuwa na bobini za viwandani, zenye kimo cha kama milimita 9, wakati kesi ya cheusi, yaani kikombe kinachoshika bobini, inataka zinazokaribia 11 na nusu. Bobini fupi haitulii kwenye kesi, uzi wa chini unatoka kwa kushtukashtuka, na chini ya kitambaa nyuzi zinajikusanya. Fundi mgeni atahangaika na skrubu ya kukaza uzi siku nzima. Tulipoweka bobini sahihi, tukaning'iniza kesi kwa uzi wake na kuutikisa, ilishuka kidogo na kusimama, kama inavyotakiwa. Kesi haina tatizo. Boksi la cha viwandani nalo lilikuwa na pakiti tano za sindano za HAx1, zenye shina la milimita 2 lililokatwa bapa upande mmoja. Cha viwandani kinatumia DBx1, shina la duara la milimita 1.6. Zilizotumwa haziingii hata kwenye tundu. Bobini za cheusi tulizipata hapahapa, lakini sindano za DBx1 si za kukuta kwenye kila duka la zipu na vifungo. Tutumieni pakiti mbili za namba 14, mbili za namba 16 na tatu za namba 18.

Kuhusu ovaloki tunasema haki: imekuja sawasawa. Ni ya nyuzi nne kama tulivyoagiza, mota yake ni ya njia moja, ilifungwa kwenye kreti ya mbao na imekazwa kwa boliti chini, na tangu siku ya kwanza inashona sweta bila kuruka. Inaonyesha kwamba mota za njia moja mnazo na kufunga mzigo mnajua. Vile vingine vitatu havikufanyiwa hivyo.

Kadi yenu ya dhamana inampa mteja siku 7 za kurudisha bidhaa dukani, zikihesabiwa kuanzia siku ya malipo. Mzigo ulikaa njiani siku 6. Kwa hiyo mteja wa Makete anabakiwa na siku moja ya kufungua, kufunga stendi, kujaribu, kugundua na kurudisha Dar es Salaam. Mteja wa Kariakoo anakijaribu cherehani dukani kabla hajatoa hela. Sisi tuna karatasi ya proforma tu, na kilichoandikwa humo ndicho tulichonunua. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Siku zihesabiwe kuanzia mteja anaposaini kupokea mzigo.

Basi tunachodai ni mota ya sevo na mkanda wake, kichwa cha vitambaa vizito, mguu mmoja wa kushoto, sindano tulizotaja na lita ya mafuta, vyote vikiwa vimefika Iwawa ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nauli ya kuja iwe juu yenu, na ya kurudisha mota na kichwa vilevile. Hatutarudisha chochote kabla ya vingine kupakiwa. Mizigo yote ifungwe kwenye kreti, vyuma vitenganishwe kwa mbao au magunia, na stakabadhi iandikwe “cherehani, usilaze, usipandishie mzigo”. Mzigo ukishushwa Njombe unahamishiwa gari jingine la Makete, kwa hiyo maandishi hayo yawe pia kwenye kreti yenyewe, pande mbili.

Kabla ya kufunga kreti, tutumieni video ya dakika mbili kwa namba iliyo kwenye proforma. Ionyeshe kibao cha mota kikisomeka, meno ya kusukuma kitambaa kwa karibu, na cherehani kikishona kaki yenye mikunjo sita kwa sindano namba 18, kisha kitambaa kigeuzwe tuone mshono wa chini. Tukiridhika tutawajibu siku hiyohiyo mpakie.

Siku 14 zikipita bila mzigo wala jibu la maandishi, tutapeleka barua hii, proforma, risiti na picha kwa Tume ya Ushindani (FCC).

Tumeambatanisha nakala ya proforma, risiti ya EFD, stakabadhi ya basi, na picha tisa: kibao cha mota, bati la sindano, meno, boksi lililoloa mafuta, chupa, ufa wa mguu kwa pande mbili, mguu mzima wenye rula, na sindano za aina mbili zikiwa zimelazwa sambamba.

Wenu katika kazi,

Mwenyekiti,
kwa niaba ya mafundi wa kikundi